Turbo ya Mtani Wangu Rashidi

Kwa wiki tatu nzima, gari la Rashidi lilikuwa kituko cha mji wa Tabora.

Likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta linanguruma mpaka kuku wanakimbia. Liingize barabarani sasa. Unakandamiza ekseleta mpaka mwisho, unahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo turbo, ile pampu ya upepo ya kuipa injini nguvu, inakumbuka kwamba ina kazi ya kufanya.

Nyuma linaacha moshi mweusi. Bajaji zinalipita, na abiria wa bajaji wanageuka kumtazama dereva usoni.

Na lile halikuwa gari la kupitwa na bajaji. Lilikuwa Surf, gari la kupanda milima. Rashidi aliing'oa turbo iliyokuja nayo akafunga kubwa zaidi, akachonga mabomba upya, akaweka na geji ya upepo kwenye dashibodi ili kila anayepanda aione. Mwenyewe aliliita Ndege.

Mafundi wakalizunguka Ndege mpaka wakachoka. Huyu anasema turbo ni kubwa kuliko injini, yule anasema dizeli chafu. Wapo waliosema Rashidi karogwa.

Mimi nilijua ugonjwa ni nini na uko wapi. Nilijua kwa sababu niliutia mwenyewe, kwa mikono yangu hii, saa saba mchana jua likiwaka.

Acheni niwasimulie ilikuwaje, halafu mnihukumu mnavyotaka.

Naitwa Nyamizi, fundi magari. Ndiyo, mwanamke, na kama hilo linakusumbua pita hivi. Ufundi nilifundishwa na Mzee Nassibu, gereji kwake Chemchem, ile yenye shimo la zege la kuingia chini ya gari. Nilifika pale nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikakaa miaka tisa.

Mzee alikuwa na mdomo mkali. Ukikosea, spana inaruka. Lakini baada ya kuirusha anakuja anakaa na wewe chini mpaka uelewe umekosea wapi. Aliniita mwanangu, nami nilimwita baba.

Rashidi alikuwa fundi mwenzangu palepale. Yeye Mzaramo, babu yake aliletwa huku na kazi ya reli akahamia moja kwa moja. Mimi Mnyamwezi. Hapo mshaelewa: sisi ni watani, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, babu zangu wakipita na pembe za ndovu vichwani kwenda pwani kwa babu zake.

Mtani anakutukana, unacheka. Anakunywea chai yako, unacheka. Ukinuna, aibu ni yako.

"Mwangaluka, mbeba mizigo!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kila asubuhi. "Hiyo injini usihangaike na winchi. Weka kata kichwani, utembee nayo mpaka Bagamoyo!"

"Njoo basi ukae juu yake," namjibu. "Mzaramo mwenyewe hatua mbili tu anauliza ngoma iko wapi."

Gereji nzima inacheka. Na mimi nacheka kutoka moyoni, maana nilimpenda kama kaka yangu wa tumbo moja.

Miaka mitatu iliyopita akaja Mzee Xavery, mfanyabiashara wa asali wa Sikonge. Gari lake linachoka likiwa na mzigo, anataka afungiwe turbo kubwa. Kazi kubwa kama ile ilizoeleka kwenda kwa Rashidi. Siku hiyo baba akaninyooshea kidole mimi.

Rashidi akacheka tu. "Haya mbeba mizigo, umepata mzigo."

Sasa, turbo ikishatolewa, sisi mafundi tunaziba midomo ya mabomba kwa vitambaa ili vumbi lisiingie wala nati isidondokee ndani. Ukimaliza unavitoa. Mimi niliziba kwa vitambaa vinne, nikatoa vinne, nikavihesabu mara mbili. Nikafunga klempu zote, zile pete za kubana mabomba, nikaenda kunawa, nikala.

Kesho yake gari likarudi linavutwa kwa kamba. Lilikosa nguvu kwenye mlima, likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni na ndoo za asali zikapinduka. Mzee Xavery anafoka, nyuki wanamfuata mpaka getini.

Rashidi akajitolea kulifungua mbele ya watu wote. Akaenda bomba la kwanza, akaingiza vidole viwili, akavuta polepole kama anayetoa utumbo wa kuku. Kikatoka kitambaa.

Nikasema, "Baba, hicho si changu. Mimi vyangu vilikuwa vinne."

Hakuniuliza hata swali moja. Aibu ilikuwa imemshika mbele ya mteja wake.

"Kusanya vifaa vyako," akasema. "Uende."

Nikakusanya. Nafika getini, Rashidi akanisogelea karibu, akaninong'oneza huku anatabasamu.

"Usinune bwana. Utani tu, mtani wangu."

Hapo ndipo nilipojua ni yeye. Nikabeba vifaa vyangu nikatoka.

Ningemshitaki kwa nani? Kwamba mtani wangu amenitania? Wangenicheka mpaka leo. Na baba alikuwa ameshaona kitambaa kwa macho yake.

Nikafungua kijiwe changu Ipuli: bati sita, turubai la kulalia chini ya magari, basi. Jina likanifuata hukohuko. Mama Kitambaa. Watoto wanaliita, na wakubwa wakidhani sisikii wanaliita.

Turbo hakuna aliyeniletea tena. Miaka tisa ya ufundi ikawa ya kuziba pancha za bodaboda na kumwaga oili.

Nilimchukia Rashidi asubuhi, mchana na jioni. Nilimchukia nikiosha vyombo. Kanisani, pale tunapotakiana amani, nilikuwa natoa mkono kwa kila mtu huku moyoni nasema isipokuwa mmoja, na Mungu anajua ni nani.

Kisha zikaja habari. Macho ya Mzee Nassibu yamepungua, anataka kupumzika, na gereji ataiacha kwa mtu aliyemfundisha mwenyewe. Mji wote ukasema Rashidi. Si mnaona wenyewe lile Ndege lake linavyopaa?

Damu ikachemka. Shimo lile la zege nilisaidia kulichimba. Ndoo za kokoto nilibeba mimi, Rashidi akiwa amekaa ukingoni ananihesabia kwa utani wa mbeba mizigo. Leo aketi kwenye kiti cha baba kwa sababu ya kitambaa?

Jirani yangu Ipuli ni Mhoja, mtu mzima, ana watoto wanne, anaosha magari. Siku moja Rashidi akamletea Ndege, akamwambia amwoshee mpaka injini, mwenyewe akavuka barabara kwenda kula kwa mama ntilie. Mimi hakuniona, nilikuwa chini ya gari.

Mhoja akafungua boneti. Mara maji yakaisha.

"Dada Nyamizi, niangalizie hili gari, nakwenda bombani mara moja."

"Nenda tu, kaka."

Mnaelewa nilivyojisikia? Miaka mitatu nasubiri, halafu adui anakuja kufunguliwa boneti mbele yangu na naambiwa nimwangalie.

Nyuma ya taa ya kushoto kulikuwa na kona ya bomba linalopeleka upepo wa turbo kwenda kupozwa, imeshikwa na klempu mbili. Nikazilegeza. Nikaviringisha kitambaa, nikakisokomeza ndani, si cha kuziba kabisa, cha kuacha upenyo wa kumtesa. Nikakaza klempu, nikafuta alama za vidole vyangu kwenye vumbi.

Mhoja aliporudi alinikuta nimekaa nakula karanga.

Nikajiambia moyoni: Utani tu, mtani wangu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa tamu, nisiwafiche. Kila mteja wa pancha alikuja na habari mpya ya Ndege. Rashidi kabadilisha kichujio cha hewa. Rashidi kamwagia mipira yote maji ya sabuni kutafuta povu linapotoka, hakuna povu. Rashidi kafungua manifoldi kaweka gasketi mpya, wapi. Kaenda kukagua ule mlango wa turbo unaotoa presha ikizidi, uko sawasawa.

Wote walikuwa wanatafuta upepo unapovuja. Hakuna aliyefikiri umezibwa.

Hata mimi kuna siku nilijiuliza, huyu aliyenitia kitambaa mimi, anashindwaje kukumbuka ujanja wake mwenyewe? Nikajijibu ni kiburi. Mtu akishajiona bingwa hawezi kuamini kuna mtu wa kumfanyia kama alivyofanya.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Ndege likaja kijiweni kwangu. Polepole, kama mgonjwa anayeshikiliwa mkono.

Akashuka Rashidi. Mlango wa pili ukafunguliwa, akashuka Mzee Nassibu, anapapasa ardhi kwa fimbo.

Nilisahau nina grisi mikononi. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Miaka mitatu sijaisikia. Nikageuka pembeni nijifanye natafuta kiti, kumbe nafuta macho.

Rashidi alikuwa mpole, sijawahi kumwona hivyo. "Mtani, nimekwama. Nimezunguka mji mzima. Nimekuja kwako."

Watu wakaanza kusogea. Mhoja akaacha kuosha. Bodaboda wakazima pikipiki. Mama ntilie akavuka na mwiko mkononi. Ipuli tunapenda mambo.

"Turbo inachelewa kushika," baba akasema. Akanyoosha mkono, ameshika ufunguo wa gari. "Nataka ulitazame wewe. Chukua muda wako. Tunakusubiri."

Nilikuwa na mpango, mjue. Mpango ulikuwa kumzungusha. Nilitazame siku nzima, nikune kichwa, nimwambie arudi kesho na keshokutwa, halafu nikitoe kile kitambaa mji wote ukiwa umekusanyika.

Lakini mji ulikuwa umeshakusanyika. Na baba alikuwa pale, amesimama na macho yake yaliyochoka. Na yule mshenzi akafungua mdomo.

"Ataweza kweli, baba? Huyu amezoea ya kubeba kichwani."

Basi. Kichaa kikanipanda.

Ule ufunguo wa baba sikuupokea. Nilivuta bisibisi mfukoni, nikawageukia watu.

"Mnamwona huyu? Huyu ndiye fundi wa turbo wa Chemchem! Huyu ndiye mnayemwamini! Ugonjwa wa dakika tatu, wiki tatu umemtoa jasho. Mama Kitambaa mliyemcheka ndiye atakayemtibu, tena nikiwa nimefumba macho!"

"Mpe habari yake, dada!" bodaboda mmoja akapiga kelele.

Nikafungua boneti. Moja kwa moja nyuma ya taa ya kushoto. Klempu ya kwanza, klempu ya pili, nikavuta mpira ukatoka.

"Baba, sogea uone," nikasema kwa furaha. "Njoo uone alichosahau humu ndani fundi wako."

Nikaingiza vidole viwili.

Hakuna kitu.

Nikaingiza mkono mpaka kifundo. Bomba ni tupu. Nikainama, nikachungulia, nikaona mwanga upande wa pili. Nikaingiza mkono tena, maana akili ilikataa.

Na mdomo wangu, huu mdomo wangu, ukasema kwa sauti kila mtu akasikia:

"Kiko wapi?"

Baba hakusogea kutoka alipokuwa.

"Kiko wapi nini, mwanangu?"

Nikageuka. Mafuta ya mama ntilie ng'ambo ya barabara yanasikika yakikaanga.

Mzee Nassibu akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kile kitambaa. Changu. Kimekauka, kimeshika weusi wa oili.

"Hiki?"

Nikatazama chini.

"Rashidi alikitoa juzi," akasema taratibu, kama alivyokuwa akinieleza kosa langu zamani, baada ya spana. "Gari ni zima tangu juzi. Alikuja kwangu akasema, baba, huyu ni Nyamizi, nililipeleka kuoshwa karibu na kwake. Nikamwambia wewe mwongo. Nikamwambia yule nimemlea, hawezi kutia kitu ndani ya bomba la gari la mtu. Nikamuuliza, kwa nini akufanyie hivyo? Alizunguka, akazunguka, mwishowe akasema yote. Na kile cha gari la Xavery pia akasema."

Nilimtazama Rashidi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilikufukuza bila kukuuliza," baba akaendelea. "Hilo nimelilia. Nikasema safari hii nitauliza kwanza. Nikamwambia Rashidi, tunampelekea hili gari. Kama hajui kitu, atafanya kama anavyofanya fundi yeyote: atalipanda, ataliendesha, atarudi aniambie baba hili gari halina ugonjwa. Nilikupa na ufunguo."

Akauinua ule ufunguo, bado uko mkononi mwake.

"Hata hukuliendesha, Nyamizi."

Hakusema mwanangu.

"Baba, yeye ndiye alianza." Hilo ndilo lililonitoka, sauti ya mtoto wa darasa la pili. "Na yangu ilikuwa... yangu ilikuwa utani tu."

Hapo ndipo alipopaza sauti, mara moja tu siku ile.

"Utani hufanywa mbele ya watu, mtu akacheka! Babu zenu walitaniana msibani, mchana kweupe, na waliofiwa wakacheka. Nyie wawili mmeuficha ndani ya bomba. Wiki iliyopita huyu alikuwa na mkewe na mama mkwe ndani ya gari. Wewe ulijua nani atapanda? Je, angetaka kulipita lori njia ya Sikonge, turbo ikakataa, na lori jingine likaja mbele yake?"

Sikuwa nimefikiri juu ya lori. Naapa sikuwa nimefikiri juu ya mtu mwingine yeyote zaidi ya Rashidi.

Baba akaweka kile kitambaa juu ya injini, taratibu, akapapasa njia kurudi kwenye mlango wa gari.

"Nilimwambia Rashidi," akasema akiwa ameshika mlango, "kama si Nyamizi, gereji namwachia Nyamizi, nawe Rashidi utakwenda kumwomba radhi kwa magoti. Kama ni yeye, mmelingana, na sina wa kumwachia."

Rashidi alirudishia mpira, akakaza klempu zile mbili. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega. Nilisubiri aseme neno lake, ile "utani tu, mtani wangu". Nilitaka alitaje ili nimpige na bisibisi. Hakulitaja. Alikuwa analia.

Akawasha gari. Lilipofika barabarani, turbo ikashika papo hapo, ikapiga mluzi mzuri ambao miaka mitatu mafundi wenzangu walikuwa wakiusikia bila mimi. Wakaniacha na watu wangu wa Ipuli wananitazama.

Mhoja alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliinama kuchukua ndoo yake. "Dada," akasema, "gari lile nilikuachia mimi." Tangu siku ile maji yakimwishia anafunga boneti kwanza.

Gereji ya Chemchem leo ni duka la magodoro. Shimo la zege limefukiwa kifusi, juu yake wamepanga magodoro ya inchi nane. Rashidi kahamia Kahama. Nami nikikutana na Mzee Nassibu njia ya hospitali ya Kitete akienda kuangaliwa macho, nampa shikamoo, ananipa marahaba, anapita.

Rashidi sijamsamehe, nisiwadanganye. Kuna siku nikimkumbuka bado nauma meno.

Lakini wewe unayenisoma hapa, una mtu wako moyoni, unamsubiri afunguliwe boneti mbele yako. Najua upo, ndiyo maana umesoma mpaka hapa. Nikwambie kitu kimoja tu, maana mimi nimeshalipia.

Miaka mitatu nilikuwa mkweli, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniamini. Siku alipopatikana mmoja wa kuniamini, akaja mpaka mlangoni kwangu na fimbo yake, alinikuta nimeshakuwa mwongo.